BAMBA LIPIMWE KABLA YA MTU KUKATWA MSHAHARA

Ndugu wafanya kazi,

Wengi wetu twalala Kitengela, na alfajiri twavuka kwenda viwanda vya Athi River. Wengine wana vibanda vyao vya bati na sufuria kando ya barabara ya Namanga, mpaka Kajiado. Sote twalijua jambo hili: bamba likipasuka kwenye mashine, au sufuria ikitoka na ukingo wa mawimbi, wa kwanza kulaumiwa ni aliyeshika mashine. Twasema si haki, mpaka bamba lenyewe liulizwe.

Seremala hapigi randa kinyume cha nyuzi za mbao. Chuma na alumini navyo vina namna ya nyuzi. Ndani yake mna chembe za fuwele zisizoonekana kwa macho. Bamba likipita katikati ya rola, chembe hizo hugeuka, na nyingi hulala upande mmoja. Kwa hiyo bamba huvutika vyema upande huu na vibaya upande ule. Likibanwa kuwa sufuria, ukingo huinuka kama masikio, mara nyingi manne. Masikio hayo asili yake ni rola, si mkono wa fundi.

Je, chembe zaonekanaje? Kwa eksirei. Mwaka 1912, huko Ujerumani, Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba fuwele huitawanya eksirei kwa mpango wake. Mwaka 1913, huko Uingereza, Bragg baba na mwanawe wakatoa hesabu ya pembe zake. Mashine huligeuza bamba huku na huku, ikipima ni wapi eksirei hurudi kwa nguvu. Eksirei yenyewe hailiharibu bamba. Kweli, katika chuma husomwa ngozi ya juu tu. Hata hivyo ni shahidi asiye na upendeleo.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Shikeni neno hilo: makusudi!

Hatusemi fundi hakosei. Mafuta yakipungua, au kalibu ikikaa kombo, bamba hupasuka pia. Ndiyo sababu twataka kipimo, tusibishane kwa maneno matupu.

Basi twadai haya. Kila roli ije na cheti cha vipimo vyake. Kabla ya kazi, kipande kibanwe kuwa kikombe kidogo. Masikio yataonekana siku hiyo hiyo, kwa gharama ndogo. Mabishano yakizidi, bamba lipelekwe kwenye eksirei. Na mwenzetu atakayeendesha mashine hiyo afundishwe, akingwe, avae kipimo cha mionzi.

Wajumbe, lipelekeni jambo hili kwenye meza ya mapatano. Asiyeogopa ukweli hataogopa kipimo.

Umoja ni nguvu!