Mche Si Mgeni wa Siku Mbili: Malezi ya Miti Iliyoatikwa Garsen na Kingoni mwa Mto Tana

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii inawafaa binadamu, lakini haiufai mche uliotoka kitaluni jana. Mche ulioatikwa ni mgeni wa miaka miwili au mitatu, na ugeni wake hauishi mpaka mizizi yake imeshika ardhi. Hata hivyo, katika hafla nyingi za upandaji miti nchini Kenya, mche hupewa jembe siku ile ile ya kuwasili. Shimo huchimbwa, hotuba husomwa, picha hupigwa, kisha mche huachwa ujitafutie maji. Makala haya yanashikilia kwamba idadi ya miche iliyopandwa si idadi ya miti, na kwamba jambo hili ni bayana zaidi huko Garsen na katika bonde la chini la Mto Tana.

Mwezi wa Desemba 2022, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kukuza miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Tarehe 10 Mei 2024 nayo ikawa siku ya kuwaomboleza waliofariki katika mafuriko na ya kupanda miti vilevile. Nia ni njema. Walakini mwanafunzi wa semantiki atatambua haraka kwamba kupanda na kukuza si visawe. Kupanda ni tendo la dakika chache, na kukuza ni tendo la miaka. Kiswahili kina hata kitenzi mahususi, kuatika, chenye maana ya kuhamisha mche kutoka kitaluni na kuupanda mahali pake pa kudumu. Anayeatika anakiri kwamba kiumbe hiki kilikuwa na makao mengine, na kwamba kukihamisha ni kukijeruhi.

Jeraha hilo ni halisi. Mche ung'olewapo au utolewapo mfukoni, vijizizi vyembamba vinavyonyonya maji hukatika. Majani huendelea kupoteza maji juani, ilhali mizizi iliyobaki haiwezi kuyarejesha kwa kasi ile ile. Ndiyo maana mche unaweza kunyauka hata kama udongo una unyevu. Dawa yake inajulikana. Mche huzoeshwa jua polepole kabla ya kuhamishwa. Huatikwa jioni au siku ya mawingu, mvua za masika au za vuli zinapoanza. Mfuko huondolewa wote, na mizizi iliyojizungusha hunyooshwa au hukatwa. Shina hufukiwa kwa kina kile kile kilichokuwa kitaluni. Ikiwa ni mwembe uliobebeshwa, kiungo chake hubaki juu ya ardhi. Kisha humwagiwa maji mengi mara moja, na majani makavu hutandazwa kuuzunguka bila ya kuligusa shina, kwani matandazo yanayoligusa huozesha gome na kualika mchwa.

Garsen ina masharti yake ya ziada. Udongo wa mfinyanzi wa bonde la mafuriko hupasuka wakati wa kiangazi na kuikata mizizi michanga. Mvua inyeshapo, shimo lililochimbwa katika udongo huo hushika maji mithili ya chungu, na mche hufa kwa kukosa hewa. Basi mkulima mwangalifu huinua tuta dogo penye maji yanayotuama, na wakati wa kiangazi hutifua udongo wa juu ili kuziba nyufa. Ukaribu wa mto nao si dhamana. Tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981 katika sehemu ya juu ya Mto Tana, mwendo wa mafuriko yaliyokuwa yakilowesha kingo na kuacha rutuba umebadilika. Mche wa leo hauwezi kuachiwa mto uulee kama ilivyoachiwa miembe ya mababu.

Sharti kubwa zaidi ni la kijamii. Wakati wa kiangazi wafugaji wa Kiorma na Kiwardei huleta mifugo katika delta, wakipitia njia za kufikia maji ziitwazo malka. Wakulima wa Kipokomo nao hulima kingo zile zile. Mbuzi mmoja humaliza kwa asubuhi moja kazi ya msimu mzima, hivyo mche hauna budi kuzungushiwa boma la miiba. Lakini boma likiziba malka, mche umegeuka kuwa chanzo cha uhasama. Hilo si jambo la kufanyiwa mzaha mahali ambapo mapigano ya mwaka 2012 yaliangamiza watu zaidi ya 100. Kwa hiyo malezi ya mti huko Garsen huanza kabla ya jembe kugusa ardhi: huanza katika kikao cha wazee wa pande zote, wakikubaliana ni wapi pa kupanda, nani atamwagilia na kivuli kitakuwa cha nani.

Wapo watakaodai kwamba yote haya ni anasa, na kwamba yafaa kuchaguliwa mti usiohitaji kulelewa. Dai hilo limekwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1980, mathenge ulipandwa huko Bura, juu kidogo ya mto, uwe kuni na kinga ya upepo katika mradi wa umwagiliaji. Haukuhitaji kubembelezwa. Ulienea wenyewe, ukavamia malisho na mashamba, na miiba yake ikawa adha kwa watu na mifugo. Aliyekwepa kazi ya kulea amewarithisha wajukuu kazi ya kung'oa.

Wengine watauliza, na swali lao ni zito zaidi: mama anayebeba maji kichwani kutoka mtoni ataugawia mche vipi? Jibu la haki ni kupanda kidogo. Miche 10 yenye mlezi ni bora kuliko 1,000 isiyo na mwenyewe. Vuguvugu la Green Belt, lililoasisiwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwalipa wanawake ujira mdogo kwa miche iliyosalimika. Utaratibu huo ungefaa kurejeshwa: fedha na sifa zitolewe katika mwaka wa tatu, mti unapohesabika, wala si siku ya hafla.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo hupanda miti katika shule wanazozizuru, havina budi kujipima kwa kipimo hicho. Chama kisichoweza kutaja jina la atakayemwagilia mche mwezi ujao kingefanya vyema kuuacha kitaluni.

Inafaa kukumbuka kwamba lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Mwaka 1963 taifa lilikwenda Mto Tana kuazima sauti ya mlezi, na hadi leo huiimba katika kila hafla, zikiwemo hafla za kupanda miti. Sauti hiyo haikutungwa kwa ajili ya kuzaliwa kwa mtoto. Ilitungwa kwa ajili ya usiku unaofuata, mtoto anapolia na mtu sharti aamke. Mche nao una usiku wake, na ndio unaongoja mtu wa kuamka.