Umetafutwa Wapi?

Maelezo ya spishi mpya yanayofika kwenye jarida hili hupima petali hadi milimita, kisha humalizia kwa sentensi isiyopimwa hata kidogo: mmea huu haupatikani kwingine. Toleo hili linahusu vichaka na miti midogo ya misitu ya pwani, nami nataka tubishane juu ya sentensi hiyo. Mwaka 2021 ilitangazwa Uvariodendron dzomboense, kutoka kilima cha Dzombo, Kwale. Kazi yenyewe ni safi, na ndiyo iliyotupa pia Uvariodendron mbagoi, jina linalomuenzi Frank Mbago wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, heshima aliyoistahili. Lakini ukitoka Dzombo ukavuka mpaka Lunga Lunga hadi Horohoro, upande wa Tanzania, unawakuta Wadigo wale wale, mvua zile zile, na vipande vya msitu wa pwani vilivyosalia Mkinga. Geti la forodha halizuii mbegu. Huzuia mkusanyaji mwenye kibali cha nchi moja, na kibali hicho ndicho kinachochora ramani zetu.

Ushahidi tunao. Karomia gigas ulijulikana kwanza kwa mti wa pwani ya Kenya. Mti ulipokatwa, ukadhaniwa umetoweka, hadi ulipoonekana Kilwa mwaka 1993. Erythrina schliebenii iliandikwa kwenye Orodha Nyekundu ya 1998 kuwa imetoweka, na miaka mitatu baadaye ikakusanywa tena kusini mwa Tanzania. Miti hiyo haikufufuka. Ilikuwa imesimama pale pale, haijafikiwa na mtu mwenye mkasi na magazeti ya kukaushia.

Wapo wanaojibu kwamba tukidai utafutaji zaidi tutachelewesha majina, na mmea usio na jina hauingii kwenye Orodha Nyekundu wala hauwezi kutetewa mbele ya mwenye machimbo. Hoja hii ni nzito, naikubali. Ndiyo maana sidai kuchelewesha, nadai kuandika. Jina litoke leo, likiambatana na orodha ya misitu iliyotembelewa, mwezi wa ziara, na kama vichaka vilikuwa na maua, kwa sababu kichaka kisicho na ua hupitwa hata na jicho zoefu. Wengine wanahofia kwamba orodha hiyo itawaelekeza wezi wa mimea. Jina la msitu linatosha; vipimo vya mahali vibaki kwenye hebaria.

Lebo ya sampuli nayo imebeba machache mno. Rangi ya ua hufifia kwenye karatasi, kwa hiyo tunaiandika shambani. Jina la Kidigo halifutiki namna hiyo, lakini tusipoliandika siku hiyo halirudi, na kwa jina hilo mganga wa Horohoro angeweza kutuambia kama mzizi wa mmea huo anauchimba upande wake wa mpaka.

Katika toleo hili, makala ya mbegu na ile ya uchavushaji ni nzuri, zisomwe. Tafsiri ya kanuni za majina itawafaa wanafunzi.

Kuanzia toleo lijalo, mswada wowote unaodai mmea ni wa mahali pamoja utaeleza umetafutwa wapi na ukakosekana. Usioeleza utarudishwa. Na wenzetu wa Tanga wenye nafasi ya kuingia misitu ya Mkinga msimu huu, tunasubiri sampuli zenu, na hata taarifa za mifuko iliyorudi mitupu.