Pwani Igawiwe Maji Yakipwa

Ufugaji wa baharini si jambo geni tena Unguja na Pemba. Mabwawa ya mwatiko, vizimba vya kaa na nyua za majongoo bahari zimeenea katika vijiji kadhaa, na sera ya Uchumi wa Buluu imeipa kazi hiyo nafasi ya mbele katika mipango ya Serikali. Sisi tunaiunga mkono kwa moyo mkunjufu. Ardhi ya visiwa haiongezeki, watu wanaongezeka.

Lakini lipo jambo tusiloweza kulinyamazia, nalo ni namna pwani inavyogawiwa.

Bahari yetu ina sura mbili. Maji yakijaa, afisa anayesimama ufukweni na ramani yake huona maji matupu, akarejea ofisini na kuandika kwamba eneo halina mtumiaji. Laiti angalikuja siku ya bamvua, maji yakapwa kwa karibu mita 4, angaliona vigingi vya mwani safu kwa safu, akina mama wakiokota chaza na kombe, wavuvi wa pweza, na mkondo ambamo ngalawa za kijiji hupita. Eneo lile lina wenyewe, ila hawana hati.

Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, maelfu ya akina mama wamesomesha watoto kwa viwanja ambavyo mipaka yake ni makubaliano ya jirani na jirani. Joto la maji limekwisha kuwapunguzia ule mwani mnene wenye bei nzuri, nao wanashauriwa wasogee maji ya kina. Huko ndiko miradi mipya inakoelekea pia. Mama huyu akiondolewa kwa karatasi ambayo hakuwahi kuiona, uchumi huo tunamjengea nani?

Hatudai sheria mpya. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2015 imekwisha kuweka utaratibu wa kupima athari za miradi kabla haijaanza. Tunachodai ni kwamba ombi libandikwe katika ofisi ya sheha na dikoni, na ukaguzi ufanywe siku ya bamvua mbele ya kamati ya wavuvi na wakulima wa mwani. Na wakulima hao waje wenyewe, wasisemewe na waume zao. Kibali nacho kitaje mipaka, muda, na nani atakayeng'oa miti na nyavu mradi ukifa.

Kuhusu mabwawa, anayefyeka mikoko ili afuge mwatiko anajikatia mwenyewe, kwani vifaranga huvuliwa katika hori zile zile. Nyuma ya mikoko mara nyingi yapo majangwa ya chumvi yasiyoota kitu. Jembe lielekezwe huko.

Wanavijiji nao tusijivue lawama. Kijiji kinachotia saini kwa ahadi ya mashine moja ya boti kisije kesho kulalamika magazetini. Wala kumwibia majongoo mfugaji aliyepata kibali chake kwa haki si kutetea pwani. Ni wizi, na wezi wafikishwe mahakamani.

Bamvua huja mara mbili kila mwezi. Afisa mwenye maombi mezani hatangoja zaidi ya wiki mbili.