Meza Moja, Michezo Mitano: Tofauti za Watoto katika Igizo Dhima

Miongoni mwa mbinu ambazo mwanachuo huziandika katika andalio la somo, igizo dhima halikosekani. Huandikwa kwa wepesi, hutekelezwa kwa taabu, na mambo yakiharibika lawama humwangukia mtoto. Maoni yetu katika makala haya ni kwamba aghalabu mtoto hana hatia. Mwenye kosa ni mwalimu aliyedhani kwamba watoto waliopewa mchezo mmoja wanaucheza kwa nia moja.

Yafaa tueleze tulikoupata msimamo huu. Miaka michache iliyopita tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Mwanachuo alifundisha Hisabati, mada ya fedha, na kila kikundi kilifanya igizo la gulio. Kikundi kilichokuwa karibu nasi kilikuwa na watoto watano. Muuza nyanya alikazana kupandisha bei ili amalize akiwa na fedha nyingi kuliko wenzake. Mtoza ushuru alihesabu kila chenji na kukosoa kila aliyekwenda kinyume cha maagizo. Mvulana wa tatu alitaka aingie mwizi, ili gulio lipate kisa. Wa nne, msichana mdogo, alijitanda khanga ya kuazima, akapinda mgongo, akawa bibi kizee anayenung'unikia bei za siku hizi. Wa tano alikaa kimya.

Haukupita muda wakaanza kuzozana. "Mwalimu, huyu hanunui, anaongea tu!" alilalamika muuza nyanya. Mwanachuo akaja, akamvua msichana ile khanga, akamwamuru aache mchezo. Nasi tukaandika katika fomu ya tathmini: "Amedhibiti darasa vizuri."

Siku ya pili, katika somo la Kiswahili, msichana yule alipotakiwa kusoma sehemu yake ya mazungumzo, alisoma kwa sauti isiyofika hata dawati la pili. Hatuwezi kuapa kwamba sababu ilikuwa ile khanga. Lakini tangu siku hiyo hatujaiandika tena sentensi ile bila kujiuliza: darasa limedhibitiwa, au mtoto amezimwa?

Jibu lililotusaidia tulilipata mahali ambapo walimu hawapatafuti, yaani katika michezo ya watu wazima. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Kila mmoja hujitwalia mhusika, kama vile askari au mchawi, ambaye sifa zake huandikwa katika karatasi: nguvu, akili, hekima, na kadhalika. Mmoja wao huwa mwongozaji: yeye huieleza hali, wenzake husema wahusika wao watatenda nini, na jambo lenye mashaka huamuliwa kwa kutupa dadu, nyingine zenye pande 20. Kwa kweli ni igizo dhima lenye kanuni.

Haikuchukua muda mrefu wachezaji hao kugundua kwamba ugomvi mwingi mezani hautokani na ubaya wa watu. Mwaka 1980 Glenn Blacow aliandika makala katika jarida la Different Worlds akipambanua namna nne za kucheza. Wako wanaotaka mhusika wao azidi kupata nguvu na mali. Wako wanaofurahia kupima werevu wao kwa mbinu na kanuni. Wako wanaotaka kuivaa nafsi ya mhusika, waseme na kuhisi kama yeye. Na wako wanaoitafuta hadithi yenye mwanzo na mwisho. Mwaka 2002 Robin Laws, katika kitabu cha kuwasaidia waongozaji, alimtaja pia mchezaji mtulivu, ambaye huridhika kuwapo pamoja na wenzake, na ambaye si vema kumlazimisha ajitokeze.

Msomaji amekwisha kuwatambua: ni watoto wetu watano wa gulioni. Muuza nyanya alitafuta faida, mtoza ushuru kanuni, mvulana wa tatu kisa, na msichana nafsi ya bibi kizee. Hakuna aliyekuwa mtundu. Kila mmoja alikuwa akicheza kwa bidii, ila kila mmoja alikuwa na mchezo wake. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sisi walimu huikariri methali hii, kisha tukaingia darasani na kitana kimoja.

Je, waongozaji wa michezo ile hufanyaje? Kwanza, siku hizi wengi wao hufanya kikao cha awali, kabla hata dadu haijatupwa, ili wakubaliane ni mchezo wa namna gani watakaoucheza na yapi hayataruhusiwa. Pili, mwongozaji hodari huandaa tukio lenye nafasi kwa kila mmoja: hapa pa kupigana, pale pa kusemezana, na fumbo la kufumbuliwa. Tatu, huigawa zamu, asiachie mwenye sauti kubwa aitawale meza.

Mambo haya matatu yanawezekana katika darasa lolote. Dakika tano za mwanzo zitumike kuwaeleza watoto shabaha ya igizo na mipaka yake. Majukumu yagawanywe kwa kuangalia mtoto anapenda nini: mpenda kanuni awe mtoza ushuru, mpenda kisa apewe tukio la kulitunga, kama vile mteja aliyerudishiwa chenji pungufu. Bibi kizee naye aambiwe hivi: "Bibi, una shilingi elfu mbili, nunua vitu vitatu na utuonyeshe chenji." Kwa sentensi hiyo moja amerudi katika Hisabati, na khanga yake imebaki begani.

Wapo watakaotupinga kwamba darasa lenye watoto themanini haliruhusu mashauri hayo. Pingamizi hilo tunaliheshimu, maana madarasa hayo tunayaona. Lakini darasa kubwa ndilo lenye tofauti nyingi zaidi, na kuzipuuza hakuzipunguzi. Mwalimu asiyeweza kuvifikia vikundi vyote kwa siku moja na aangalie viwili kwa makini, kesho viwili vingine.

Wala hatusemi kila linalotendwa katika igizo liachwe. Mtoto anayewanyima wenzake nafasi lazima azuiwe, na igizo lililosahau shabaha ya somo lirudishwe njiani. Tena hapa darasa linatofautiana na meza ile ya starehe. Mtu mzima aliyechagua kunyamaza mchezoni ana haki ya kunyamaza. Mtoto anayenyamaza somoni tuna wajibu wa kujua kama anajifunza. Yule wa tano asisukumwe mbele ya darasa kwa nguvu. Apewe daftari la hesabu za gulio, na mwisho wa igizo kikundi kimwulize yeye nani alipata nini. Hapo ukimya wake utakuwa kazi.

Ndugu mwanachuo, utakapokuwa katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi atakuja na fomu yake. Usimzime mtoto ili kumpendeza mkaguzi. Kikundi kikizozana, kabla ya kuuliza nani mkosaji, uliza kila mmoja anacheza mchezo gani. Nasi wakufunzi, tunaposhika kalamu nyuma ya darasa, tuache kuusifu utulivu ambao hatujauliza umenunuliwa kwa bei gani.