Makofi ya uwanjani yasifunike kilio cha nyumbani

Februari 2014, ndani ya lifti ya kasino mjini Atlantic City, Marekani, Ray Rice, nyota wa Baltimore Ravens, klabu ya futiboli ya Kimarekani, alimpiga mchumba wake ngumi iliyompotezea fahamu. Ligi ya NFL ilimfungia mechi 2 tu. Aliporejea mazoezini Julai, mashabiki walisimama wakampigia makofi. Septemba video ya ngumi yenyewe ilipovuja, klabu ilimwacha siku hiyohiyo, na mashabiki kwa maelfu wakapanga foleni kubadilisha jezi zake namba 27.

Kosa lilikuwa lilelile. Kilichoongezeka ni picha. Mwanamke asisubiri kamera ndipo aaminiwe.

Afrika Mashariki tunajua ukatili wa aina hii unavyoweza kuishia. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alifariki Eldoret, Kenya, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Polisi walimtaja mpenzi wake wa zamani kuwa mshukiwa.

Hatusemi mkosaji asipewe nafasi ya pili. Toba ipo, lakini ina masharti: akiri kosa, atumikie adhabu, apate ushauri nasaha, na aliyeumizwa awe salama. Mabao na medali si fidia.

Shabiki, tiketi na jezi zinanunuliwa kwa fedha yako. Asiyetimiza masharti hayo, usimshangilie. Heshima ya mchezaji ianzie nyumbani kwake.