Nauli hutajwa mlangoni, mbona bei yako iko inboksi?

Makanga wa matatu ana kelele, lakini kuna jambo anatushinda sisi tunaouza kazi zetu mtandaoni. Anataja nauli kabla hujapanda. "Tao hamsini! Hamsini tao!" Mvua ikinyesha ataipandisha na utanung'unika, ila utajua unalipa ngapi kabla ya kukanyaga ngazi.

Sasa fungua Instagram au TikTok. Msusi, mpiga picha, mwokaji wa keki. Kazi safi kabisa. Chini yake mteja anauliza, "Hii ni pesa ngapi?" Jibu ni moja: "Njoo inboksi."

Mimi pia nilikuwa hivyo. Huchora mabango ya harusi, ya kanisa na ya matanga. Mwaka jana mama mmoja aliniuliza bei saa tatu usiku, akitaka bango la mchango wa mazishi. Nikamwita inboksi, nikachungulia picha zake kwanza, nikaona gari. Nikamwambia Sh2,500. Kazi hiyo huifanya kwa Sh800. Hakubishana. Alirudi kwenye posti yangu akaandika, "Mpwa wangu ulimtoza mia nane." Basi. Komenti niliifuta, aibu haikufutika.

Tuambiane ukweli. Wengi wetu tunaficha bei ili tumpime mtu mfuko kwanza, na wateja washajua. Ndiyo maana wengi hawaji inboksi. Wanapita tu.

Kuna wanaosema komenti nyingi za "bei?" husaidia posti kufikia watu wengi. Huenda. Lakini mwenye nyumba hapokei komenti mwisho wa mwezi. Wafuasi elfu tano wanaokushuku si wateja, ni watazamaji. Wengine wanaogopa washindani wataiona bei. Jamani, mshindani akiitaka atamtuma binamu yake aulize.

Na kama kazi hutofautiana? Andika "kuanzia Sh800", kisha useme kinachoongeza gharama: picha nyingi, kazi ya usiku, marekebisho zaidi ya mawili. Posti hiyo ibandike juu kabisa ya ukurasa wako. Kama unatumia WhatsApp Business, kuna katalogi, weka kila kazi na bei yake. Statasi hupotea baada ya saa 24, katalogi inabaki.

Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Kama bei si mojawapo ya habari hizo, sijui ni nini.

Sitakudanganya kwamba ukiandika bei wafuasi watafurika. Komenti zangu zimepungua. Kuna wanaoona Sh800 wakacheka, kuna wanaoona ni nyingi wakaenda zao. Lakini anayekuja inboksi siku hizi hanipotezei muda wala simpotezei wake. Ananitumia picha, ananitumia tarehe, kisha anauliza alipe M-Pesa kwa namba gani. Akiridhika, anamwambia mwenzake, na anamtajia bei ileile.

Hivyo ndivyo jina hukua mtaani, na mtandaoni ni mtaa tu mwingine. Kabla ya kuposti kazi yako leo, taja nauli.