Filamu ya Dune na amana ya kunukuu



Hivi karibuni, baada ya swala ya Isha, tuliwakuta vijana wa darsa wakitaniana barazani mwa msikiti. Mmoja wao alikuwa amebashiri kwamba umeme utakatika, na ukakatika kweli. Wenzake wakainua mikono gizani na kupaza sauti: “Lisan al-Gaib!” Tulishtuka, kwani maneno hayo ni ya Kiarabu, na maana yake ni ulimi wa ghaibu. Hatukuwasomesha sisi. Wameyapata katika filamu ya Dune.

Kwa mzazi asiyeijua, Dune ni riwaya ya kisayansi ya Mmarekani Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965. Kijana Paul Atreides, mwana wa mtawala, anauliwa baba yake katika sayari ya jangwa iitwayo Arrakis, naye anakimbilia kwa watu wa jangwani, Fremen, wanaomngojea Mahdi. Lakini utabiri wanaouamini ni wa kupandikizwa. Jumuiya ya siri ya wanawake iliueneza zamani, ili mmoja wao akifikwa na dhiki apate kuutumia. Paul anautumia, anatwaa ufalme, na damu inamwagika bila ya yeye kuweza kuizuia. Mwongozaji Denis Villeneuve wa Kanada ameifanyia filamu mbili, ya 2021 na ya 2024, zote pamoja zaidi ya saa tano, na sehemu ya picha zake zilichukuliwa Wadi Rum nchini Jordan na katika jangwa la Abu Dhabi.

Wapenzi wa kitabu wengi wamezisifu kwa uaminifu wake, nao wana sababu. Filamu ya David Lynch ya mwaka 1984 iliibana riwaya nzima katika saa mbili na dakika chache, kisha ikamalizia kwa mvua inayonyesha Arrakis kama muujiza wa Paul, jambo ambalo kitabuni halimo kabisa. Aliyeiona hiyo huipokea kazi ya Villeneuve kama maji ya kisima. Hata hivyo mabishano hayakwisha. Wapo waliochukizwa kwamba Alia, dada mdogo wa Paul, hakuzaliwa katika filamu ya pili, ilhali kitabuni ndiye anayemuua adui yao mkubwa. Wengine wanalalamika juu ya Chani, ambaye kitabuni anabaki na Paul, na katika filamu anamtilia shaka na mwishowe anamwacha.

Sisi tuliosoma elimu ya Hadithi tunaisikia hoja hii kama ya nyumbani. Neno lenyewe “riwaya”, ambalo kwa Kiswahili ni kitabu cha kubuni, kwa Kiarabu ni mapokezi, na wanazuoni walijadili kwa kina tofauti ya kupokea kwa lafudhi na kupokea kwa maana. Walioruhusu kupokea kwa maana waliweka sharti: mpokezi awe anajua ni kipi kikibadilishwa huigeuza maana. (Hatulinganishi maneno ya Mtume, s.a.w., na hadithi za kubuni. Tunaazima kipimo tu.) Kwa kipimo hicho tunamtetea Villeneuve kuhusu Chani. Herbert aliona wasomaji wengi wamemfanya Paul shujaa, na katika kitabu cha pili cha mwaka 1969 akaonyesha wazi maafa aliyoyaleta. Shaka ya Chani inamwambia mtazamaji jambo hilo hilo mapema. Lafudhi imepotea, maana imehifadhiwa.

Kuhusu neno “jihadi” hatuwezi kumtetea. Kitabuni limetajwa mara nyingi. Ndilo jina la kile ambacho Paul anakiogopa tangu mwanzo. Katika filamu limeondoka, na mahali pake pamewekwa “vita vitakatifu”. Baadhi ya ndugu zetu wamefurahi, wakisema afadhali neno letu lisihusishwe na mauaji. Tunawaelewa, maana Herbert mwenyewe alilipunja: alilichukua kwa maana ya vita vya kuteketeza tu, akaacha jihadi ya nafsi na mengineyo. Lakini tazama kilichobaki. Mahdi yupo, kusujudu kupo, ushungi upo, na lugha inayonukia Kiarabu ipo, ilhali wakuu wa Fremen, Chani na Stilgar, wameigizwa na Mmarekani na Mhispania. Herbert alichota pia katika kitabu cha Lesley Blanch cha mwaka 1960 kuhusu Imam Shamil wa Dagestan, aliyepigana na Warusi na ambaye kaburi lake liko Madina. Ni vijana wangapi walioiona filamu wamewahi kulisikia jina hilo? Sisi tungependa neno libaki lilivyo, na kosa lake juu yake. Kosa lililotamkwa tunaweza kulijibu mbele ya watoto wetu. Lililofichwa tunalijibuje?

Turudi barazani. Hatukuwagombeza vijana wale. Tuliwauliza tu ghaibu ni nini, na katika saba waliokuwapo, wawili ndio waliokumbuka kwamba kuiamini ghaibu ni sifa ya wachamungu iliyotajwa katika aya ya tatu ya Suratul-Baqara, na kwamba elimu yake ni ya Mwenyezi Mungu pekee. Wote saba walimjua Stilgar. Hesabu hiyo ni yetu walimu kabla ya kuwa ya mwongozaji wa filamu.

Wazazi wametuuliza kama waizuie. Ina mauaji mengi, si ya watoto wadogo. Kwa wakubwa, mzazi aitazame nao na aulize kila neno la Kiarabu linapopita. Muad'Dib, kwa mfano, humo ni panya wa jangwani, nasi tunasikia muadibu, mwenye kufunza adabu.

Darsa ya vijana ya Jumamosi, baada ya Alasiri, itaanza na neno ghaibu. Mwenye nakala ya kitabu na aje nayo.